Kodi Iliyolipwa na Betri

Ukiwauliza watu wa Kampala kama walilipa OTT, wengi watacheka na kusema hapana. Wanasema kwa raha kabisa, kama mtu aliyepita kwenye kizuizi cha polisi bila kusimamishwa. Mimi nasema tulilipa, ila pesa haikwenda serikalini. Iliondoka kidogo kidogo kupitia betri za simu zetu, na ushahidi uko ndani ya simu zenyewe, kwenye ukurasa ambao wengi hatufungui: ule wa betri, ndani ya Mipangilio.

Kwa wale waliofika juzi kutoka Uvira au Bunagana na hawajui OTT ni nini, nianze huko. Mwezi wa tatu mwaka 2018 Rais Museveni aliandika barua kwa Waziri wa Fedha, Matia Kasaija, akilalamika juu ya lugambo, yaani umbea, kwenye mitandao ya kijamii. Bunge likapitisha sheria, na tarehe 1 Julai 2018 kodi ikaanza: shilingi 200 kwa siku, kwa kila laini inayotaka kufungua WhatsApp, Facebook, Twitter na nyingine za aina hiyo. Usipolipa, bando lako lipo, kurasa nyingine zinafunguka, lakini WhatsApp inazunguka tu hapo hapo. Mtaani kwetu, 200 ilikuwa bei ya jerikani moja ya maji. Tarehe 11 Julai watu waliandamana katikati ya mji, Bobi Wine akiwa nao, na polisi wakarusha mabomu ya machozi.

Kuna kitu kimoja ambacho magazeti hayakuandika sana, na kinatuhusu sisi wakimbizi. Kodi ile ilikuwa hailipwi kwa muda wa maongezi. Ilikuwa inalipwa kwa pesa ya simu tu. Na pesa ya simu inataka laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Tangu 2017 serikali ilikuwa imekaza usajili wa laini kwa kitambulisho cha taifa, na wengi wetu tulikuwa tunatumia laini zilizosajiliwa na mwenye nyumba, na jirani, na kijana wa boda boda. Ni mwaka 2019 ndipo tume ya mawasiliano, UCC, ilipokubali wazi kwamba kitambulisho cha mkimbizi au ile barua ya uthibitisho kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu inatosha kununua laini. Kwa hiyo mwaka mzima wa kwanza wa OTT, mkimbizi wa Katwe au Nsambya aliyetaka kulipa 200 yake kwa uaminifu alikuwa aanze kumbembeleza mtu mwingine amlipie. Kila siku. Au atafute VPN, ambayo ilikuwa bure.

Basi tukachukua VPN.

Kwa Kampala haikuwa kitu kipya. Kwenye uchaguzi wa Februari 2016 mitandao ilifungwa, hata pesa ya simu ikafungwa, halafu Mei wakati wa kuapishwa ikafungwa tena. Watu walijifunza pale. Lakini 2016 ilikuwa ya siku chache. Kuanzia Julai 2018, VPN ilikuwa inawashwa asubuhi na kulala ikiwa imewashwa, mwezi baada ya mwezi. Tulikuwa tunarushiana kwa Xender, kwa sababu nani atamaliza bando kuipakua? Mimi nilikuwa bado sekondari. Darasani kulikuwa na kijana aliyejulikana kwa kuwa na VPN tano, na akikutumia mojawapo unamnunulia chapati.

Sasa, VPN inafanya nini ndani ya simu? Kila ujumbe unaotoka unafungwa kwa siri, unapelekwa kwanza kwenye seva ya nchi nyingine, Uholanzi au Marekani, halafu ndiyo unaenda unakoenda. Ukirudi, unafunguliwa tena. Kufunga na kufungua ni hesabu, na hesabu hiyo inafanywa na prosesa ya simu yako. Simu mpya ya bei kubwa haisikii. Simu yenye RAM ya GB 1 au chini, kama zile tulizokuwa nazo, inahema. Tena VPN haitaki mlango ufungwe. Hata ukiweka simu mfukoni na skrini imezima, inatuma vipakiti vidogo kila baada ya muda kuuliza seva, upo? Upo? Kila swali linaiamsha redio ya simu, na redio ikiamka hailali papo hapo, inakaa macho sekunde kadhaa kwanza. Hapo ndipo betri inapokwenda. Ukiwa sehemu yenye mtandao dhaifu, kama vile vyumba vya nyuma vya mabonde yetu, redio inapiga kelele zaidi ili isikike mnarani, na inakula zaidi.

Na VPN za bure zina matangazo. Tangazo nalo ni data, ni prosesa, ni skrini.

Cha kushangaza ni kwamba miaka ileile watengenezaji wa Android walikuwa wanasukuma upande mwingine kabisa. Ukurasa wa kuonyesha nini kinakula betri ulikuwepo tangu Android 1.6, mwaka 2009. Mwaka 2011, Android 4.0 iliruhusu programu yoyote ya kawaida kuwa VPN bila kuvunja mfumo wa simu, na ndiyo mlango ambao sisi wote tulipitia baadaye. Mwaka 2014, Android 5 ikaleta kiokoa betri. Mwaka 2015, Android 6 ikaleta usingizi: simu ikiwa imelala mezani bila kuguswa, programu zinanyamazishwa, zinaamshwa kwa zamu. Mwaka 2018, mwaka wa OTT yenyewe, Android 9 ikaanza kujifunza ni programu gani unazitumia na gani zipunguziwe. Kwa ufupi, wahandisi walitumia karibu miaka kumi kuifundisha simu kulala, na kodi ya shilingi 200 ikatufanya tuweke ndani yake kitu kisicholala. VPN nyingi zikiingia zinakuomba ruhusa ziachwe nje ya usingizi huo. Nani alikuwa anasoma? Tulibonyeza ndiyo.

Nije kwenye ukurasa wenyewe, kwa sababu ninaufundisha vijana kila Jumamosi na mama zao wakipenda. Ingia Mipangilio, kisha Betri. Kwenye simu ya zamani utaona mchoro unaoshuka tangu ulipochaji mara ya mwisho, na chini yake orodha yenye asilimia. Kawaida ya simu yenye afya, skrini inakuwa juu kabisa, kwa sababu skrini ndiyo mlaji mkuu. Ukikuta programu fulani imeipita skrini, simama hapo. Angalia pia ule mchoro usiku: kama mstari unashuka ukiwa umelala na hukugusa simu, kuna mtu anafanya kazi humo ndani. Halafu ingia Kumbukumbu, uone wastani wa RAM kwa saa tatu zilizopita. Android 6 na kuendelea inaonyesha. Ukitaka kwenda ndani zaidi, bonyeza namba ya toleo mara saba, utapata Chaguo za wasanidi, na humo kuna huduma zinazoendesha sasa hivi.

Tahadhari moja: VPN wakati mwingine inabebeshwa lawama za wenzake. Intaneti yote inapita ndani yake, kwa hiyo video uliyoitazama inaweza kuhesabiwa kwake. Ndiyo maana nawaambia vijana walinganishe siku mbili, moja na VPN, moja bila, matumizi yakiwa yaleyale. Na zile programu za kusafisha RAM na kuua nyingine? Achana nazo. Ukiua programu inajiwasha upya, na kujiwasha upya kunakula kuliko kukaa kimya.

Mwaka 2018 hatukuwa tunafanya haya yote. Tulichokuwa tunajua ni kwamba simu inazima saa nane mchana. Mafundi wa simu pale Mutaasa Kafeero walikuwa wanauza betri. Unatoa yako, fundi anaiweka mezani na kuizungusha kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imevimba, nunua nyingine. Betri nyingi zilikuwa zimevimba kweli, maana betri ya lithiamu inahesabu. Baada ya kuchajiwa kikamilifu mara mia tano hivi, inabaki na sehemu tu ya nguvu yake ya mwanzo, na joto linaharakisha hilo. Simu yenye VPN inachajiwa mara mbili kwa siku badala ya mara moja, na inakuwa na joto mchana kutwa. Kilichotakiwa kuchukua karibu mwaka mmoja na nusu kinaisha kabla ya mwaka.

Sasa piga hesabu. Nyumbani kwetu hatukuwa na umeme wa kutegemea; Yaka ilikuwa ya wapangaji watano, na ikiisha katikati ya mwezi kila mmoja anamwangalia mwenzake. Tulikuwa tunachaji kwenye kibanda kwa 500. Ukichaji mara ya pili kwa sababu VPN imemaliza chaji, umetoa 500 kukwepa 200. Ongeza betri mpya. Serikali nayo haikupata ilichotaka: mamlaka ya kodi, URA, ilitegemea bilioni 284 katika mwaka wa kwanza, ikakusanya bilioni 49.5, na wakubwa wake wakasema wazi kwamba VPN ni moja ya sababu. Wa kibanda cha chaji ndiye aliyepata.

Na kuna ambacho hakiingii kwenye hesabu hiyo. Mkimbizi wa mjini hapewi mgao kama mtu wa Nakivale au Kyangwali. Sehemu kubwa ya kinachomfikia kinapita kwenye simu: miadi ya usaili, majibu ya hospitali, kibarua, dada aliyepotea anayepatikana WhatsApp. Mama yangu alipigiwa mara mbili na ofisi moja, siitaji, kuhusu usaili aliousubiri muda mrefu. Simu ilikuwa imezima mara zote mbili. Kwenye faili waliandika hapatikani. Ilichukua miezi saba kurudishwa kwenye orodha, na katika miezi hiyo alikuwa analala na simu chini ya mto, akiigusa usiku kuona kama bado inawaka. Nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, mkiona neno hilo kwenye faili, ulizeni simu ni ya aina gani na inachajiwa wapi. Pigeni asubuhi, betri zikiwa bado zina kitu. Saa kumi jioni nusu ya mtaa imezima.

Sijasema hatari nyingine, na sitakaa sana hapo. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa CSIRO ya Australia, walichunguza programu 283 za VPN za Android. Asilimia 38 zilionyesha dalili za programu hasidi, na asilimia 18 hazikufunga data kwa siri hata kidogo. Yaani kuna waliomaliza betri bila kupata hata hiyo siri.

Halafu ikaja Januari 2021. Tarehe 12, siku mbili kabla ya uchaguzi, mitandao ikafungwa, VPN zikawaka mji mzima. Tarehe 13 jioni intaneti yote ikakatwa mpaka tarehe 18. Siku hizo VPN haikuwa na pa kwenda, lakini haikujua. Iliendelea kutafuta seva usiku na mchana. Simu zilikuwa moto bila kufanya chochote. Intaneti iliporudi, Facebook haikurudi. Tarehe 1 Julai 2021 OTT ikaondolewa, ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwenye bando zenyewe, ambayo hakuna VPN inayoikwepa. Lakini kwa sababu ya Facebook, VPN zilibaki.

Mwezi uliopita kijana wa miaka kumi na nne alileta Tecno aliyorithi kwa kaka yake. Ilikuwa haifiki saa sita mchana. Juu kwenye skrini kulikuwa na alama ndogo ya ufunguo. Akaniuliza, "Yaya, huu ufunguo ni wa nini? Mimi nimeukuta tu." Tukafungua ukurasa wa betri, VPN ikiwa juu ya skrini, ya kampuni ambayo sijaisikia tangu shuleni. Kaka yake aliiweka wakati wa OTT, akaiwekea ijiwashe daima. Mtoto mwenyewe hatumii Facebook. Tuliitoa pale pale, na Jumamosi iliyofuata alisema simu inafika saa kumi na mbili jioni, ila kioo bado kimepasuka.