Kizunguzungu

Kizunguzungu ni nomino ya ngeli ya KI-VI yenye mzizi mmoja na kitenzi zunguka. Kurudiwa kwa mzizi huonyesha mwendo usiokoma. Visawe vyake ni kisunzi na masua. Katika mazungumzo ya kila siku neno hili hubeba hali mbili: kuona chumba kikizunguka, na kuhisi kichwa chepesi kama mtu anayetaka kuzimia. Wataalamu wa usikivu huzitenganisha, kwa kuwa ya kwanza mara nyingi hutokana na sikio la ndani, na ya pili huweza kuletwa na shinikizo la damu kushuka au upungufu wa damu.

Sikio la ndani lina kazi mbili. Koklea hupokea sauti. Mifereji mitatu ya nusu duara, iliyojaa majimaji, hutambua mgeuko wa kichwa. Ndiyo maana kizunguzungu, mvumo wa sikio na kupungua kwa usikivu huweza kumpata mtu kwa pamoja, kama katika ugonjwa wa Ménière. Robert Bárány alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa utafiti wa mfumo wa usawa wa mwili ulio katika sikio la ndani. Kipimo chake cha kutia sikioni maji ya uvuguvugu au ya baridi, kisha kutazama macho yanavyochezacheza, kingali kinatumika.

Mgonjwa anayesema ana kizunguzungu anastahili kuulizwa kama vitu vinazunguka, kwa muda gani, na kama usikivu umepungua. Majibu yake ndiyo huelekeza vipimo na tiba.