Mkataba Haufutwi kwa Kalamu Pekee

Nguvu ya mkataba haitokani na maneno yake tu, bali pia na wingi wa watu waliofungamana nao. Utazame ubuhake wa Rwanda ya kale: mtu alipewa ng'ombe na bwana, naye akalipa kwa utumishi na utii. Mara nyingi bwana huyo naye alikuwa na bwana wake. Aliyejitoa peke yake hakupoteza ng'ombe tu. Alipoteza na ulinzi.

Mwaka 1954 Mwami Mutara III Rudahigwa aliufuta ubuhake, na ng'ombe wakagawanywa baina ya pande mbili. Hata hivyo, malisho mengi yalibaki mikononi mwa mabwana. Ng'ombe bila nyasi ni uhuru nusu.

Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa Girinka: familia maskini hupewa ng'ombe, na ndama jike wa kwanza hupewa jirani. Hapa kila mpokeaji huwa mtoaji, na kila ng'ombe huongeza wanaonufaika.

Basi, tunapodai sheria mpya, tuulize: malisho yako kwa nani?