Tafsiri ya kisayansi ya Qur'ani

Ni njia ya kufasiri Qur'ani kwa kuoanisha aya zake na elimu ya kisasa ya maumbile. Mmisri Tantawi Jawhari (aliyefariki 1940) aliandika tafsiri ndefu yenye picha za mimea na wanyama. Daktari Mfaransa Maurice Bucaille akaieneza njia hiyo kwa kitabu chake cha 1976. Mfano mashuhuri ni neno alaq katika Sura ya 96: wafasiri wengi wa zamani walisema pande la damu, ilhali wengine leo, wakitazama elimu ya mimba, husema kinachoning'inia. Maana zote mbili zimo katika Kiarabu, kwa hiyo tafsiri hii ya pili si uzushi. Hatari ni kuifunga aya kwenye nadharia inayoweza kubadilika kesho. Karne nyingi kabla yao, mwanazuoni Al-Shatibi wa Andalusia (aliyefariki 1388) alitaka Qur'ani ifahamike kama walivyoifahamu Waarabu wa kwanza kuisikia.