Upachikaji Majina: Programu na Maeneo ya Kusikia Sauti

Programu zinazochambua picha za MRI za ubongo huligawa gamba la ubongo katika maeneo na kulipatia kila eneo jina, bila mtu kushika kalamu. Kazi hii naiita kwa Kiswahili "upachikaji majina wa kiotomatiki". Wengi watapenda "utambuzi". Mimi silipendi, na sababu inaonekana vizuri zaidi kwenye maeneo ya kusikia sauti.

Nimesema kusikia sauti kwa makusudi. Jioni Forodhani, Unguja, makaa yakishakolea na mishkaki ikianza kuchuruza mafuta, mtu husema anasikia harufu. Upepo wa baharini ukizidi anasikia baridi, na kabla hajala anasikia njaa. Kiunguja hiki ndicho kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, basi tusikipuuze. Ukiandika "gamba la kusikia" peke yake, msomaji ana haki ya kuuliza: kusikia nini? "Usikivu" nao haufai, kwani mtoto msikivu ni yule anayefuata analoambiwa.

Eneo lenyewe limejificha. Ndani ya bonde refu linalopita ubavuni mwa ubongo, juu kidogo ya usawa wa sikio, kuna tuta dogo lililolala mshazari. Huitwa tuta la Heschl, kwa jina la Richard Heschl, mwanaanatomia wa Austria wa karne ya 19. Sauti iliyotoka sikioni, baada ya kupitia vituo kadhaa njiani, hufikia gamba la ubongo kwanza hapo.

FreeSurfer, programu iliyotengenezwa Boston na inayotumiwa bure na watafiti wa nchi nyingi, hulitafuta tuta hilo hivi. Huondoa fuvu kwenye picha, hufuata mpaka baina ya sehemu ya kijivu na nyeupe, kisha huutanua uso uliokunjamana mpaka uwe tufe. Tufe hilo hulinganishwa na tufe la mfano, na kila nukta hupewa jina lenye uwezekano mkubwa zaidi mahali pake. Uwezekano huo chanzo chake ni mikono ya watu: ramani ya Desikan na Killiany ya mwaka 2006 ilitokana na picha za bongo 40 zilizochorwa mipaka na binadamu, maeneo 34 kila upande. Ramani ya Destrieux ya 2010 ina maeneo 74 kila upande. Ya Glasser na wenzake ya 2016 ina 180 kila upande. Ubongo ni ule ule. Kilichobadilika ni vigezo vya waliochora.

Na tuta la Heschl ni kaidi. Kuna wenye moja, kuna wenye mawili, na kuna ambao moja limepasuka nusu, pengine upande wa kulia ukawa tofauti na wa kushoto. Muulize mkaazi wa Mji Mkongwe Forodhani inaishia wapi na Shangani inaanzia wapi: atakuonyesha kwa mkono, na jirani yake ataonyesha pengine kidogo. Programu haina jirani wa kuipinga. Itachora mstari safi, wa rangi moja, hata pale ambapo majina mawili yalikaribiana sana kwa uwezekano. Ndiyo maana mwaka 2020 ikatolewa zana mahususi ya tuta hili, TASH, inayochukua matokeo ya FreeSurfer na kuyarekebisha.

Tofauti za tuta hilo baina ya watu si ndogo. Mwaka 2002 Peter Schneider na wenzake wa Heidelberg walionyesha kwamba wanamuziki wa kulipwa walikuwa na sehemu ya kijivu kubwa zaidi kwa asilimia 130 upande wa mbele na ndani wa tuta hilo, wakilinganishwa na wasio wanamuziki. Nikisoma hayo nafikiria Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho kwa miaka mingi kilifundishia katika jumba la zamani la Forodha. Mwanafunzi wa ganuni huinua na kushusha vijichuma vidogo kando ya nyuzi mpaka sauti ya tatu ya maqamu (ngazi ya sauti) ya rasti ikae mahali pake, katikati ya mbili ambazo piano inazo. Sikio lililolelewa hivyo linastahili utafiti wake. Lakini mwenye matuta mawili akihesabiwa moja tu, kitakachopimwa ni makosa ya mpaka, na mwanamuziki atasingiziwa ubongo usio wake.

Ndipo lilipo tatizo la "utambuzi". Mwenye kutambua anakijua kitu, na haki yake haiulizwi. Jina la kupachikwa, kila Mswahili anajua, hutoka kwa wengine. Laweza kukufaa, laweza kukukosea, na mwenyewe una ruhusa ya kulikataa. Kwa hiyo katika ripoti napendekeza tuandike "tuta la Heschl, jina limepachikwa na programu" mpaka mtaalamu aikague picha, kulia na kushoto, kipande kwa kipande. Akisharidhika, ndipo aandike "limethibitishwa".