Rangi Tulivu katika Picha za Filamu

Rangi tulivu ni mwonekano wa picha ambao rangi hazikukolea, vivuli havikuzama katika weusi, na tofauti kati ya sehemu angavu na sehemu za giza ni ndogo. Nyekundu hupauka, kijani huelekea kijivu, ngozi ya mtu huonekana laini. Wapiga picha za harusi wanaupenda sana, na wengi huutafuta kwenye aina ya filamu, ilhali chanzo chake cha kwanza ni mwanga.

Jua la saa sita mchana hukoleza rangi na kukata vivuli kwa ukali ambao filamu peke yake haiwezi kuuondoa. Mawingu, kivuli cha ukuta au dirisha lisilopigwa na jua hutawanya mwanga na kuulainisha. Mhusika akiwekwa kati ya kamera na jua, sehemu ya mwanga husambaa ndani ya lenzi na kufifisha rangi. Lenzi za zamani zisizo na utando wa kuzuia mng'ao hufanya hivyo zaidi.

Filamu nayo ina tabia yake. Velvia, filamu ya slaidi iliyotolewa na Fujifilm mwaka 1990, iliundwa ili kukoleza rangi, hivyo haifai kwa kazi hii. Kodak Portra, filamu ya negativu iliyoanza kuuzwa mwaka 1998, ililenga ngozi za watu, na huvumilia zaidi mwanga wa ziada kuliko slaidi.

Uvumilivu huo ndio msingi wa mbinu iliyoenea zaidi. Filamu ya ISO 400 hupigwa kana kwamba ni ya ISO 200, yaani hupewa mwanga maradufu, kisha husafishwa kama kawaida: katika C-41, mchakato wa kusafisha negativu za rangi, dakika 3 na sekunde 15 ndani ya dawa ya kwanza yenye joto la nyuzi 38 hivi. Kwa picha ya mtu, kipima mwanga hushikwa karibu na kidevu, upande wa uso ulio kivulini. Negativu hutoka nzito, na vivuli hubaki na maelezo yake. Hata hivyo, mwanga wa ziada pekee haupaushi rangi. Huleta tu negativu inayokubali kupaushwa. Filamu iliyonyimwa mwanga ni kinyume chake: vivuli hujaa chembechembe na rangi huwa chafu, na hakuna marekebisho yanayoirudisha vizuri.

Katika sinema ilitumika njia nyingine, ya kuipa filamu mwanga hafifu ulio sawa kote kabla au baada ya kupiga. Mwanga huo huinua vivuli bila kugusa sana sehemu angavu. Mpiga picha wa sinema Freddie Young aliutumia katika The Deadly Affair, na mwenzake katika fani, Vilmos Zsigmond, katika McCabe & Mrs. Miller ya mwaka 1971, akiuongezea vichujio vya ukungu.

Hatua ya mwisho ni skani au uchapaji. Mashine za studio mara nyingi huongeza ukolezo zenyewe, na negativu iliyopigwa kwa uangalifu ikarudi na rangi zinazowaka. Anayetaka rangi tulivu aieleze studio kabla ya kazi kuanza, tena akiwa na picha ya mfano mkononi.