Moshi wa Bara na Mimea ya Bahari ya Barafu

Mwanafunzi akaaye Thika au Ruiru yuko mbali na bahari kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 400, na pengine hudhani kwamba mambo ya bahari hayamhusu. Lakini na ayafuate maji ya mito aivukayo kila siku. Mto Ruiru humwaga maji yake katika Athi, nao Athi, uitwao Sabaki ukaribiapo pwani, huingia baharini karibu na Malindi. Mto Thika hujiunga na Tana, ambao huishia baharini karibu na Kipini. Hiyo ni njia ya maji, ionekanayo kwa macho. Iko njia ya pili isiyoonekana, nayo ni ya hewa. Historia ya njia hiyo ndiyo tutakayoieleza.

Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na garimoshi la siku zile lilikula kuni na makaa ya mawe. Mashamba ya walowezi ya kahawa na mkonge yalienea, na baadaye Thika ikawa mji wa viwanda. Mwaka 2012 ilifunguliwa barabara kuu mpya ya kutoka Nairobi hadi Thika, ipitayo Ruiru. Kuni, makaa ya mawe na petroli vichomwapo hutoa hewa ya ukaa. Hayo yaliyotendeka hapa kwa kiasi kidogo yalikuwa yameanza Ulaya tangu karne ya 18, kisha Marekani, kwa kiasi kikubwa mno. Kabla ya zama za viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu 280 hivi zilikuwa za ukaa. Mwaka 1958 Charles Keeling alipoanza kuipima juu ya mlima Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii, zilikuwa zimefika kama 315. Leo zimepita 420.

Je, hewa hiyo yote hukaa angani? La. Karibu robo yake humezwa na bahari, na humo majini hugeuka kuwa asidi hafifu, ile ile iliyomo katika soda. Tangu zama za viwanda zianze, asidi ya maji ya juu ya bahari imeongezeka kwa takriban 30 kwa mia. Ulimi wa mtu hauwezi kulionja badiliko hilo, lakini viumbe vidogo hulitambua. Tena kila anywaye soda ajua kwamba ikiwa baridi huhifadhi hewa yake, na ikipata joto hewa hutoka upesi. Bahari nayo ni vivyo hivyo: maji ya baridi ya ncha za dunia huishika hewa ya ukaa kuliko maji yetu ya joto, na ndiyo sababu wataalamu huyachungua kwanza.

Katika maji hayo huelea mimea midogo isiyoonekana bila darubini, iitwayo fitoplanktoni. Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea aliyesafiri katika merikebu Erebus kati ya 1839 na 1843, aliona barafu ya kusini imetiwa rangi ya kahawia na mimea hiyo. Mingi ilikuwa diatomu, ambazo hujijengea gamba la silika, kama kioo. Hapa Kenya magamba ya diatomu za ziwa la kale huchimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil, nayo ni meupe kama chaki.

Wataalamu katika kituo cha Davis, huko Antaktika, walijaza matangi maji ya bahari na kuyaongezea hewa ya ukaa kwa viwango mbalimbali. Matokeo yao, yaliyotangazwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba asidi ilipozidi diatomu zilitengeneza silika pungufu. Gamba jepesi huzama kwa shida, na kwa hiyo huchukua ukaa mchache zaidi hadi vilindini. Si mimea yote idhurikayo sawasawa, kwani mingine midogo zaidi huweza hata kustawi. Lakini chakula kibadilikapo, walaji nao hubadilika.

Walaji hao ni akina nani? Diatomu huliwa na wadudu wa bahari mfano wa uduvi, nao huliwa na nyangumi. Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari ya kusini, na wavuvi wa Watamu huwaona wakipita na watoto wao.

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Moshi wa Kenya haufiki hata sehemu moja katika mia ya moshi wa dunia, na deni kubwa ni la mataifa yaliyotangulia kuwasha tanuri. Hata hivyo hewa haina mpaka. Avukaye daraja la Ruiru asubuhi na akumbuke kwamba moshi wa gari alilopanda una safari yake, kama yalivyo na safari yake maji yapitayo chini.