Kasha la Augsburg na nazi ya kwetu

Majuzi mwanafunzi wangu alinitega: kabati la kale lenye droo za siri tuliite nini? Nikamwambia "kasha", neno tulilolipata kwa Wareno, kisha nikamsimulia kasha moja lililoko Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi.

Lilibuniwa na mfanyabiashara Philipp Hainhofer mjini Augsburg, Ujerumani. Mwaka 1632 baraza la mji likamtunuku Mfalme Gustav Adolf, aliyekuwa ameingia na majeshi yake. Ni la abunusi, lina picha zilizochorwa juu ya mawe, na ndani wamejificha watoto wa meza (ndiyo, wazee wetu waliziita droo hivyo). Maskini mfalme hakulifaidi. Aliuawa vitani mwaka uo huo.

Mimi hunivutia kilichoko kileleni, kati ya makombe na matumbawe: nazi kubwa ajabu yenye umbo, niwie radhi msomaji, la makalio. Ni ya Ushelisheli, katika bahari yetu hii. Enzi hizo Wazungu walidhani inazaliwa na mti uotao chini ya maji. Mnazi wenyewe waliukuta mwaka 1768, kisiwani Praslin.